Paa la rangi ya maziwa: kisa cha Land Rover ya 1966 kutoka Mpwapwa

Gari lilifika gereji kwetu Kizota mwezi wa tano, likiwa juu ya Fuso iliyokuwa inarudi Dodoma tupu. Ni Land Rover 109 Series IIA, ile ndefu ya milango mitano, na kadi yake inasema 1966. Lilikuwa limekaa miaka mingi chini ya mkwaju huko Mpwapwa, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Mwenye gari ni mama mmoja mtumishi wa serikali hapa mjini. Marehemu baba yake alilinunua kwenye mnada, baada ya gari kumaliza kazi idara ya mifugo. Siku ya kulikabidhi aliniambia hivi: "Fundi, nataka lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Usinipendezeshee."

Neno hilo ndilo lililofanya kazi hii ichukue miezi minne badala ya wiki tatu. Mteja akitaka gari ling'ae, unajua pa kuanzia na unajua pa kuishia. Akitaka lirudi lilivyokuwa, inabidi kwanza ujue lilikuwaje, na gari lenyewe limeshapakwa rangi na watu ambao hawapo tena wa kuulizwa.

Kwa nje lilikuwa la bluu, sehemu nyingine rangi imepigwa kwa brashi hadi michirizi inaonekana. Paa lilikuwa jeupe, ukiligusa kiganja kinabaki na unga kama umeshika chaki. Zile kona za mabati ya zinki zinazozunguka bodi la nyuma zilikuwa zimepakwa silva. Madigadi yalikuwa na puti nene kuliko bati lenyewe.

Fundi mwenzangu, mtu mzuri na mzoefu, alipendekeza tuvue rangi yote kwa kostiki soda ili tuokoe muda. Kwa bodi la chuma wapo wanaofanya hivyo. Kwa Land Rover ya zamani ni kuliua gari. Bodi lake ni Birmabright, yaani aluminiamu iliyochanganywa na magnesi. Gari la aina hii lilipoanza kuonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa bado inagawiwa chuma kwa kibali baada ya vita, na aluminiamu ilikuwa rahisi kupatikana. Ndiyo maana lilitengenezwa hivyo, na utaratibu ukaendelea hata chuma kilipopatikana. Kostiki inaila aluminiamu. Utaona mapovu, utadhani ni rangi inatoka, kumbe ni bodi linayeyuka. Tena ukivua rangi yote siku ya kwanza, umefuta ushahidi wote siku ya kwanza.

Kwa hiyo tulianza na msasa. Unachagua mahali tambarare, hapa tulichagua mlango wa dereva karibu na bawaba, unachukua msasa wa maji namba 800, unasugua kwa kidole kimoja kwa mduara mdogo, bila haraka. Kila tabaka linaacha pete yake. Ukishafika kwenye bati unarudi na namba 1200, kisha 2000, ukipanua kingo taratibu mpaka kila pete iwe na upana wa kutosha kuonekana. Kwetu zilitoka pete saba: bluu ya juu, praima ya kijivu, nyeupe, khaki, praima nyekundu ya udongo, kijani iliyoiva, halafu praima ya kijivu nyembamba iliyoshika kwenye aluminiamu. Ile kijani ya chini, inayokaa juu ya praima ya kwanza kabisa, ndiyo rangi ya kiwandani. Kitu kimoja huwa kinawadanganya vijana: msasa unaacha ukungu, na rangi yoyote iliyopigwa msasa huonekana imepauka. Usiisome ikiwa kavu. Ipige polishi kwanza, au paka tone la mafuta ya mashine, ndipo kijani ile inazama na kuwa yenyewe.

Nasisitiza maji kwa sababu nyingine pia. Kijani za miaka ile mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa kuwa njano iliyochanganywa na bluu kupata kijani ilikuwa njano ya kromati ya risasi. Ukisugua kavu unaivuta kifuani, na vumbi lake unaondoka nalo kwenye nguo mpaka nyumbani kwa watoto. Sisi tulisugua kwa maji mwanzo hadi mwisho, matope yake tukayakusanya kwenye ndoo, na hakuna aliyekula kitu ndani ya banda.

Kijani haikutusumbua sana. Nyuma ya kibandiko cha jina la gari, chini ya bango la namba na ndani ya mlango pembeni mwa mpira, ilikuwa ileile, ya kuiva, karibu na nyeusi kwenye kivuli. Wapenzi wa magari haya wanaiita Bronze Green, na paa pamoja na rimu zilikuwa za rangi ya krimu inayoitwa Limestone. Majina hayo yanapatikana madukani pamoja na namba zake. Lakini namba ni maelekezo ya kuchanganya, na kila duka linachanganya kwa rangi zake za msingi. Tulipeleka namba kwenye duka moja, tukaletewa kijani nzuri tu iliyoelekea bluu kidogo, na krimu iliyoelekea waridi. Tukaamua tutachanganya kwa kufuata gari lenyewe.

Na hapo kwenye krimu ndipo nilipopotea.

Rangi ya nje ya paa haikuwa na msaada wowote. Ilikuwa imepakwa upya mara mbili, na hata tabaka la chini lilikuwa limeliwa na jua la Dodoma kwa miaka kabla ya kufunikwa. Nilitaka mahali palipofichwa. Tulipolifungua paa kutoka kwenye fremu ya kioo cha mbele, chini ya mpira ulikuwepo ukanda wa rangi ambao haukuwahi kuguswa na brashi ya mtu wala miale ya jua tangu 1966. Laini, mzima, una mng'ao wake. Nilifurahi mno. Rangi yake ilikuwa ya manjano yenye utajiri, kama samli iliyoganda. Nikaisafisha, nikachanganya nusu siku, nikapata rangi iliyolingana nayo kabisa, nikapuliza kipande cha aluminiamu ukubwa wa sinia na kukiacha kikauke.

Jumamosi ile mama alikuja na mjomba wake, mzee aliyekuwa dereva wa idara ya mifugo Mpwapwa na ambaye aliliendesha gari hilihili ujanani kwake. Nikamwamkia shikamoo, akanipokea, akatusalimu wote kwa Kigogo, mbukwenyi, kisha akalizunguka gari bila kusema kitu. Nikamwonyesha kijani kwanza. Akaitikia kwa kichwa: "Jani la mwembe. Lile la chini, siyo chipukizi." Nikamwonyesha kipande cha paa. Akakishika mikono miwili, akakigeuza juani.

"Mwanangu, hii ni samli."

"Ndiyo mzee, ndivyo ilivyo kwenye gari. Njoo uone chini ya mpira hapa."

Akaona. Akanyamaza kidogo, akasema: "Sawa, hapo ni samli. Lakini paa lilikuwa maziwa. Nimelipanda mimi kufunga mizigo. Maziwa ya asubuhi, yenye mafuta yake, lakini maziwa."

Nakiri kwamba siku ile sikumwamini. Nilimheshimu, lakini moyoni niliona kumbukumbu ya zaidi ya miaka hamsini haiwezi kushinda rangi iliyo mbele ya macho. Nilikuwa na ushahidi mkononi. Nilikuwa sijajiuliza huo ushahidi umekaa wapi muda wote huo, na mahali pale pameufanya nini.

Usiku nikawa naliwaza jambo moja ninalolijua tangu nijifunze kazi. Rangi za mafuta na zile za alkidi, ambazo nazo zina mafuta ndani yake, ukizipaka milango ya ndani ya nyumba, hugeuka manjano nyuma ya kabati na kubaki nyeupe karibu na dirisha. Kila mpaka rangi amewahi kuliona hilo. Mafuta yaliyomo kwenye rangi, yakikosa mwanga, yanatengeneza manjano. Yakipata mwanga, manjano hayo yanapungua. Kama rangi ya kiwandani ya gari hili ni ya namna hiyo, basi ukanda wangu wa chini ya mpira umekaa gizani miaka yote na kugeuka samli wenyewe, bila kuguswa na mtu.

Kesho yake tukaijaribu. Kuna jaribio la kitambaa ambalo kila gereji inaweza kulifanya. Unalowesha kitambaa cheupe kwa thina ya selulosi, unakiweka juu ya rangi, unasubiri kidogo, unapangusa. Ikiwa ni selulosi, aina iliyoingia viwandani Marekani katikati ya miaka ya 1920 na kufupisha upakaji kutoka wiki hadi saa, itayeyuka na kitambaa kitachukua rangi. Ikiwa ni alkidi iliyokaushwa kwa joto, italainika, pengine ikunjamane, lakini haitayeyuka kama sukari. Ikiwa ni Tu-K, rangi ya kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, haitashtuka. Tabaka la bluu la juu liliyeyuka mara moja, kwa hiyo aliyelipaka alitumia selulosi. Krimu ya ukanda wetu ilijikunja kingo kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, na kitambaa kikatoka karibu cheupe. Ni alkidi.

Sasa lilibaki jua. Paa lilikuwa limeshavuliwa, limelazwa uani. Tukachukua tepu ya foili tukafunika nusu ya ule ukanda, nusu tukaiacha wazi, tukaligeuza paa likatazama kaskazini ambako jua la mwezi wa sita linapitia. Wanaoishi hapa wanajua hali ya hewa ya Dodoma msimu ule: mvua imeisha tangu mwezi wa nne, wingu hakuna, jua linawaka kutwa ingawa upepo ni baridi. Tukaendelea na kazi ya bati. Baada ya siku ishirini na mbili tukabandua tepu.

Mstari ulikuwa umechorwa kama kwa rula. Upande uliofunikwa ulikuwa samli ileile. Upande uliokuwa wazi ulikuwa umetulia, krimu nyepesi, na hakuna rangi iliyoongezwa wala kuondolewa isipokuwa kwa jua. Nilimpigia mama simu palepale. Nikamwomba amwambie mjomba kwamba paa lilikuwa maziwa.

Ushahidi wa pili ulikuwepo siku zote na sisi tulikuwa tunaupita. Gari hili lina paa mbili. Juu ya paa lenyewe limefungwa bati jingine, kuna nafasi ya kama vidole viwili katikati ambamo hewa inapita, na kazi yake ni kukinga joto kwenye nchi kama zetu. Waliolipaka bluu na nyeupe hawakujisumbua kulifungua bati la juu. Walipuliza kingo tu. Tulipofungua skrubu zote na kulinyanyua, tukakuta chini yake, kuelekea katikati, krimu ya kiwandani isiyo na tabaka jingine juu. Haikupigwa jua la moja kwa moja, kwa hiyo haikuwa unga. Haikukaa gizani pia, kwa sababu mwanga unaingia kutoka pembeni, kwa hiyo haikugeuka samli. Tuliiosha kwa maji na sabuni laini, vumbi la Mpwapwa likaondoka jekundu, na rangi iliyobaki ililingana na ile nusu ya ukanda iliyokaa juani. Ilikuwa na faida kubwa zaidi ya hiyo: ilikuwa na ngozi yake ya kiwandani, nikaweza kuona jinsi ilivyolala.

Kuhusu kuchanganya nitasema kwa kifupi. Nyeupe, njano ya oksaidi, na nyeusi kidogo sana, ya kuchovya ncha ya njiti. Mchanganyiko wa pili ulilingana vizuri usiku chini ya taa ya tyubu, asubuhi tulipoutoa nje ukaonekana una kijani. Sababu ni kwamba njano tuliyotumia haikuwa ya jamii moja na ile ya zamani. Chini ya mwanga mmoja zinafanana, chini ya mwingine zinaachana. Tangu hapo kila sampuli tuliiangalia mara tatu: juani, kivulini, na chini ya tyubu. Tena ikiwa imekauka kabisa, kwa sababu krimu mbichi na krimu kavu ni rangi mbili. Mchanganyiko wa tano ndio tuliokubaliana nao.

Likaja swali la aina ya rangi, na hapa mafundi wazuri wanaweza kutofautiana nami. Alkidi ya kiwandani iliokwa kwenye oveni, sisi oveni hatuna. Alkidi ya kukauka yenyewe ipo, na kwa gari la kukaa kwenye maonyesho ningeitumia. Gari hili litaendeshwa Dodoma na Mpwapwa, na jua lililolila paa la kwanza lipo palepale. Nilichagua Tu-K ya tabaka moja, yaani rangi na mng'ao ndani ya kopo moja, bila klia, lile tabaka la mng'ao lisilo na rangi, juu. Ina ubaya wake, na ninautaja kwa sababu vijana wengi wanaipulizia huku wamejifunga kitambaa usoni: hadina yake ina isosianeti, ambayo inaharibu mapafu, na ukishapata pumu yake hutaweza kuikaribia rangi hiyo tena. Sisi tunatumia kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya banda.

Mpwa wa mama, kijana mchangamfu anayelipenda gari hilo kweli, aliomba tupige klia iwe kioo. Nilimchukua hadi kwenye lile paa la chini. Nikamwonyesha taa ya tyubu inavyojionyesha ndani ya rangi ya kiwandani: unaiona taa, lakini kingo zake zinatetemeka kidogo, kama inatazamwa kwenye maji ya beseni lililoguswa. Kile kitetemeko ni ngozi ya chungwa, rangi ilivyolala ilipotoka kwenye bunduki na kuingia kwenye oveni bila mtu kuisugua baadaye. Klia ilienea viwandani miaka ya 1980. Gari la 1966 lenye klia linang'aa kwa namna ambayo halikuwahi kung'aa. Kijana alielewa, na yeye ndiye aliyeshika taa siku zote tulipokuwa tunapuliza sampuli. Tulipuliza vipande kumi na moja, tukibadilisha upepo, thina na umbali wa mkono, mpaka tyubu ikatetemeka sawasawa pande zote mbili.

Kwenye bati tuliondoa puti yote na kunyoosha upya. Vile vishimo vidogo vya welding ya nukta vinavyopangana kwenye kingo za bodi tuliviacha wazi, maana kiwandani havikuzibwa. Ukivisawazisha kwa puti gari linapoteza uso wake. Aluminiamu tuliisugua kwa pedi za nailoni, bila brashi ya waya, kwa sababu chembe za chuma zikibaki ndani yake zinaanzisha kutu nyeupe. Praima ya asidi ilipigwa ndani ya saa ileile. Zile kona za zinki tulizivua silva kwa dawa ya kuvulia rangi na spachula ya mbao. Zilitoka kijivu zenye maua ya zinki, na zikabaki hivyo, bila rangi, kama zilivyotoka kiwandani.

Kupuliza mwezi wa nane Dodoma ni kushindana na upepo. Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sakafu imelowekwa maji, kwa thina ya kukauka polepole, maana hewa ni kavu na ukitumia ya haraka rangi inafika kwenye bati ikiwa imeshageuka unga. Siku ya kwanza tulikwenda vizuri mpaka saa nne, kisulisuli kikapita uani, kikanyanyua turubai la mlango na kuimwagia vumbi boneti ambayo ilikuwa bado mbichi. Tuliiacha ikauke siku tatu, tukaisugua yote, tukairudia. Tangu siku ile ikifika saa tatu tulizima kompresa hata kama kazi haijaisha.

Mama alikuja kulichukua mwishoni mwa mwezi wa tisa, na mjomba wake akaja naye. Mzee hakuzungumzia paa. Alipanda ngazi ya nyuma, akaweka kiganja juu ya bati, akakitazama kiganja kama kina unga, kisha akashuka na kuuliza funguo ziko wapi.

Sehemu moja hatukuipaka. Ni kiraka cha ukubwa wa kiganja katikati ya paa la chini, kilichofunikwa na bati la juu, kikiwa na krimu yake ya 1966. Pembeni yake nimeandika mwaka na aina ya rangi tuliyotumia, kwa kalamu ya rangi nyeusi. Atakayelifungua paa hilo baada yetu anatakiwa afungue skrubu zote, si za pembeni peke yake, ndipo atakiona.